Muhula wa Tatu

Waliponiomba niendelee kuwa mwenyekiti kwa muhula wa tatu, nilipaswa kukataa. Nilijua hivyo hata kabla sijafungua mdomo. Nikasimama, nikawashukuru, nikakubali.

Chama chetu kilikuwa cha misiba, na mke wangu ndiye aliyekitaka. Tulipokuwa wageni Birmingham, tukikaa Nechells, tuliona jeneza la jirani likitolewa nyumbani bila mtu hata mmoja kuimba. Akaniambia, "Papa, mimi nikifia huku, usikubali nitolewe kimya namna ile." Kwa hiyo tukawakusanya Wakongo wenzetu: mmoja akifiwa, wote tunakwenda kukaa naye matanga, kupika na kuimba mpaka siku ya mazishi.

Katiba niliiandika mimi. Katika kambi ya wakimbizi tuliandaliwa kwenda Amerika, kabla mambo hayajabadilika tukaletwa Uingereza, na darasani tulifundishwa jinsi Amerika inavyoongozwa. Nililipenda somo lile. Bunge linatunga sheria, rais anazitekeleza, mahakama inaamua, na kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake asizidishe. Kiongozi anatawala kwa ridhaa ya watu. Mwananchi anapiga kura, anahudhuria mikutano, na asipokubali anasema wazi. Mwalimu alituambia kwamba rais wao wa kwanza aliondoka kwa hiari baada ya mihula miwili, wakati hapakuwa na sheria iliyomlazimisha. Basi nami nikaandika mihula miwili, na kamati ya wazee wa kusikiliza malalamiko. Hiyo ndiyo ilikuwa mahakama yetu.

Rafiki yangu, fundi wa magari kule Tyseley, ndiye peke yake aliyenipinga. "Prezida, si wewe ulitufundisha mbili? Hii ya tatu umeitoa nchi gani? Ile tuliyoikimbia?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka. Muda si mrefu nikaivunja kamati ya wazee, nikisema inatuchelewesha.

Kisha mama yake yule rafiki akafariki. Mkutanoni nikauliza nani anakubali kwamba anayekidharau chama akifiwa, mtu yeyote asiende kukaa naye matanga. Mikono ilipanda polepole, mmoja baada ya mwingine, mpaka yote ikawa juu. Hakuna aliyenitazama usoni.

Tangu hapo ukumbi ulibadilika. Watu walikuja, wakakaa bila kuvua makoti. Hawakunong'onezana. Watoto wao hawakukimbizana tena nyuma ya viti. Kila nilipoanza kusema jambo, mikono ilipanda kabla sijamaliza. Jumamosi moja, kwa woga ambao hata leo siwezi kuueleza vizuri, nikauliza: "Nani anakubali tuhamishie mikutano Perry Barr?"

Mikono yote.

"Nani anakataa?"

Mikono yote tena, ileile, na macho yakiutazama ukuta nyuma yangu. Nikageuka kuona wanatazama nini. Hapakuwa na kitu.

Nyumbani nilimsimulia mke wangu.

"Papa, achia hicho cheo," alisema. "Wale watu wameshaondoka. Imebaki mikono tu."

"Mbona ukumbi unajaa?"

"Unajaa nini?"

Sikuachia. Baridi ilipoingia akaugua, na hakupona. Nikawatumia wanachama wote ujumbe wa msiba kwenye simu, na wote wakajibu maneno yaleyale: "Tumepokea, Prezida." Nikapanga viti sebuleni, nikawasha hita, nikachemsha chai. Magari yalipita nje, mwanga wa taa zao ukitambaa ukutani, na kila moja nilidhani litasimama. Nikasikia viatu kwenye ngazi, vingi, vya watu wazito. Nikaenda kufungua mlango. Ngazi zilikuwa tupu.

Binti yetu, aliyezaliwa hukuhuku, alijaribu kuanzisha wimbo wa mama yake. Akayasahau maneno katikati. Nami niliyeyajua nikawa nautazama mlango.

"Daddy, hawakuji," alisema.

Simu iliyolia ilikuwa ya yule rafiki yangu. "Pole, mwenzangu. Nilifika hadi nje hapo. Nikamkumbuka mama." Akakata.

Tulimzika mke wangu bila wimbo. Alikuwa ameniomba jambo moja tu, na watu ambao wangemtimizia niliwapoteza mwenyewe, kwa kung'ang'ania uongozi ambao muda wangu wa kuuacha ulikuwa umefika.