Uwiano Wangu Mbele ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja Nairobi kutibiwa goti, akakaa wiki sita. Hakulala kwetu hata siku moja. Kwao magharibi, mama mkwe halali nyumba moja na mkwewe, na sisi hapa Kabiro tuna chumba kimoja chenye pazia katikati, kwa hiyo alifikia kwa shemeji yangu, ploti ya tatu kutoka yetu. Mimi ni Mkamba wa Machakos. Kwetu pia kuna heshima, lakini huyu mama alizidi. Miaka kumi na minne hakuwahi kunishika mkono. Akitaka kuniambia jambo, alimwambia mke wangu nami nikiwa pale pale: "Mwambie baba watoto chai inapoa." Nami nilimjibu kwa njia hiyo hiyo.

Yeye alikuwa mnene, mwenye sauti ya kwaya, na ameuza njugu sokoni tangu ujana wake. Mimi ni mwembamba, na mwembamba hujiona mzima. Pale karakana yangu ya Laini Saba, ninakochomelea madirisha ya chuma, nilikuwa nikila smoki mbili, zile soseji za barabarani, na mayai kila asubuhi bila kuongeza hata kilo.

Lakini baba yangu aliondoka kwa ugonjwa wa moyo, ghafla, akiwa bado na nguvu, na mke wangu hajasahau. Kliniki ndogo iliyo nyuma ya kanisa letu ilipotangaza kupima mafuta ya damu, alituandikisha sisi wawili, mimi na mama yake. Jumamosi akatufikisha mlangoni, kisha akaenda kufungua kibanda chake cha mboga. Hapo ndipo tulipobaki bila mkalimani.

Tuliketi kwenye foleni, viti viwili vitupu katikati yetu. Tulikuwa tumeambiwa tusile kitu. Tumbo langu likanguruma, lake likajibu. Kwa dakika ishirini matumbo yetu yaliongea ana kwa ana, jambo ambalo wenyewe hatukuwahi kulifanya.

Tukachomwa vidole, damu ikaingizwa kwenye mashine. Daktari, mwanamke wa makamo mwenye miwani, akauliza, "Nyinyi ni familia moja? Basi ingieni pamoja."

Akasoma karatasi. Kolesteroli ya mama, jumla, sita. Yangu, nne nukta tisa. Nikatabasamu nikitazama viatu vyangu.

"Usicheke kwanza," daktari akaniambia. "Jumla haisemi yote. Ndani yake kuna mafuta mazuri, yale yanayozoa mabaya kutoka kwenye mishipa. Tunachukua jumla, tunagawanya kwa hayo mazuri. Huo ndio uwiano. Ukipita tano, tunaanza kuulizana maswali."

Mafuta mazuri ya mama yalikuwa mbili. Sita kwa mbili, tatu. "Safi," daktari akasema. "Jumla iko juu, tutaiangalia, lakini uwiano ni mzuri." Yangu mazuri yalikuwa nukta saba. Daktari alikuwa bado anatafuta kikokotoo mama aliposema taratibu, akiutazama ukuta:

"Saba."

Ilikuwa saba kweli.

Maswali yakaanza. Umri. Presha. Baba alikufa kwa nini. Kisha, "Unavuta sigara?"

Siku ya kwenda kujitambulisha kwao, wajomba watatu waliniuliza swali hilo hilo, nikaapa kwamba sivuti.

"Hapana," nikasema.

"Una hakika? Sigara inashusha hayo mafuta mazuri. Nikiandika hapana, nitakadiria hatari ya moyo wako vibaya."

Nikainua macho. Ukutani kulikuwa na picha ya mtu akinawa mikono. Mama mkwe akamwambia yule mtu wa kwenye picha, "Daktari aandike ndiyo. Miaka yote hii tunanusa pipi za mint, na chini yake moshi."

Kalamu ikaandika. "Ngapi kwa siku?"

Nikainua vidole vitano. Mama akakohoa. Nikainua na mkono wa pili. Akakohoa tena.

"Kumi na mbili," nikasema, na kikohozi kikapona.

Njiani alitangulia mbele, akichechemea. Tulipofika kona ya ploti ya shemeji akasimama, akageuka, akanitazama usoni. "Mkwe wangu," akasema, "mimi ni mjane. Sitaki binti yangu awe kama mimi."

"Nimesikia, Mama."

Kisha sote tukatazama pembeni kwa aibu, kama watu waliokutana mlangoni mwa bafu.

Sikuacha sigara siku hiyo. Nilipunguza, nikarudia, nikapunguza tena. Smoki nikaziacha. Nilianza kwenda kazini Laini Saba kwa miguu, na wiki ya kwanza nilifika nimechoka hadi wenzangu wakanipa kiti. Mama alirudi kwao, na kila mwisho wa mwezi tukapokea furushi la njugu zisizo na chumvi.

Baada ya miezi minne nilipimwa tena: jumla nne nukta nane, mazuri nukta tisa. Mke wangu akampigia mama yake simu, akaweka sauti juu.

"Mama, ameshuka hadi tano!"

"Tano na ngapi?"

Mke wangu akaangalia karatasi. "Tano nukta tatu."

"Mwambie bado," akasema, akakata.

Sikuweza kubisha. Nilikuwa nimevuta moja Jumanne, nyuma ya karakana, nikijificha kama mwanafunzi.