Clovis wa Pili

Kaka yake Chishimba aliitwa Clovis. Alikuwa mwaka wa kwanza chuoni huko Makedonia, akaja Lubumbashi likizo, malaria ikammaliza kwa siku tisa. Matanga yalipoisha, wazee walimfunga Chishimba, fundi cherehani wa Katuba, shanga nyeupe, wakamnywesha maji, wakampa jina la marehemu. Ndiyo kupyana, kushika nafasi yake. Kesho yake mama mzazi akamwamkia, "Clovis, ulilala muzuri?" Chishimba akageuka kuangalia nani yuko nyuma yake.

Pamoja na jina alirithi suruali mbili, simu, na daftari la Kimakedonia lenye somo moja tu, vivumishi. Marehemu hakuwa mtu wa kusumbua vitabu. "Kama kwetu tu," aliandika. "Mutoto muzuri, batoto bazuri. Kule mpya: mwanaume nov, mwanamke nova, mtoto novo, wengi novi. Ila kule sifa inatangulia, mwenyewe anafuata."

Na kila Jumapili saa kumi simu ililia: Vesna, mchumba wa kule. Hakuna aliyepokea, hakuna aliyemwambia kitu.

"Mama, uyu binti anangojea maiti. Nitamuambia."

"Ukisema Clovis alikufa, unamufukuza hapa nyumbani. Atalala wapi?"

"Lakini mi niko Chishimba!"

"Chishimba gani? Ile jina tuliizika. Pombe ya kupyana ulikunywa, mbuzi ulikula!"

Mbuzi alimla kweli, tena mguu mzima.

Jumapili ya kumi na mbili akapokea.

"Clovis?"

Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni. Aliyerithi jina ana jibu moja. "Da," akasema. Ndiyo.

Yule binti akalia kwa furaha, maneno yakamwagika. Chishimba akadaka moja tu, la daftarini: "Bolen?" Mgonjwa? Akashusha kidole kwenye ukurasa mpaka mstari wa mwisho, kwa mwandiko wa kaka yake.

"Mrtov," akasoma. Amekufa. "Clovis mrtov."

Kisha Vesna, polepole: "Koj si ti?"

Hilo halikuwa daftarini. Lakini alilielewa: wewe ni nani? Miezi mitatu alikuwa akijiuliza hilohilo kila akinyoa. Akamtazama mama.

"Clovis," akasema.

Kule kitu kikavunjika, simu ikakatika.

Haikulia tena. Ila kila Jumapili saa kumi mama huiweka chaji, huandaa sahani mbili za bukari.

"Ile ingine ya nani, Mama?"

"Ya Chishimba. Masikini, alikufa angali kijana. Kula, Clovis."