Wakati Mwalimu Alipotufundisha Kupoza Uji

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu chekechea mjini Embu nikakuta watoto wamepiga magoti kwenye mikeka, wamekunja migongo kama paka. "Hii ni yoga, mama," mwalimu akanieleza, akidhani ni jambo geni kwangu. Nikatabasamu tu. Ningemwambiaje kwamba mimi nilikuwa paka zamani sana, huko Karurumo?

Nasari yetu ilikuwa chumba cha mbao kando ya kanisa. Mwalimu alikuwa msichana aliyekuwa ametoka tu chuoni. Asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi, alitutandikia magunia ya kahawa yaliyowasha magoti na kunuka jua. Tukawa paka anayejinyoosha karibu na jiko. Tukawa vyura. Tukasimama kwa mguu mmoja kama migomba kwenye upepo, mmoja akianguka sote tunaanguka kwa kicheko. Mwishowe tuliketi, tukafumba macho, kila mmoja ameshika kikombe ambacho hakipo.

"Uji ni moto," alisema kwa sauti ya chini. "Vuta harufu yake kwa pua. Sasa upoze polepole, usiumwage."

Mimi nilikuwa na pumu. Nyanya, aliyenilea, alinikataza kukimbia, kwa hivyo michezo ya wenzangu niliitazama nikiwa nimeketi kwenye ngazi. Huu ndio uliokuwa mchezo wangu wa kwanza.

Kisha mzee mmoja wa kanisa akapita, akatuona tumefumba macho. Kufikia Jumapili kila mtu alikuwa akisema kwamba mwalimu anafundisha watoto kuabudu miungu ya kigeni. Wazazi wakaitwa mkutanoni. Nyanya alinivua sare akaikunja. "Huendi tena," akasema.

Ilikuwa Julai, ukungu na baridi, kuni mbichi zikijaza jiko moshi. Kifua kikanibana vibaya sana. Nyanya alinifunga mgongoni kwa leso akashika njia ya zahanati, akiomba kwa Kiembu na kuhema kuliko mimi. Tulipofika karibu na nasari, mwalimu alituona akaja mbio kwenye matope. Alitembea kando yetu, akanishika mkono.

"Uji wa leo ni moto sana," akaniambia. "Vuta harufu. Kidogo tu. Haya, upoze."

Nilipuliza kwenye shingo ya nyanya. Kifua hakikufunguka, lakini hofu ilinitoka, nikaweza kungoja. Baada ya muda nikasikia nyanya naye anavuta na kupuliza pamoja nasi, hadi mlango wa zahanati, ambako nilidungwa sindano.

Nyanya aliketi kwenye benchi, akamtazama mwalimu. "Hiyo ndiyo dini yenyewe?"

"Ni kupumua tu, cucu. Chuoni wanaita yoga. Kuomba naomba kanisani, nyuma ya benchi lako," akajibu, akimwita cucu, yaani nyanya kwa Kiembu.

Siku ya mkutano, katika chumba cha nasari, nilikuwa nimelala mapajani mwa nyanya. Wazee walisema kwa zamu, kisha nyanya akanyanyuka akinishikilia. "Nilimsikia kwa masikio yangu. Hakutaja mungu yeyote. Alitaja uji."

Watu wakacheka, hata yule mzee. Lakini hakutaka kushindwa kabisa: mchezo uendelee, akasema, ila watoto wasifumbe macho. Basi tukaendelea, macho yamekodolewa kama ya bundi.

Mwaka uliofuata mwalimu alihamishiwa shule ya mbali, upande wa Mikinduri. Chumba cha mbao kilibomolewa, pale penye nyasi pakajengwa maduka. Nyanya alishazikwa. Wenzangu wa nasari siwezi tena kuwatambua njiani.

Ninayemfikiria zaidi ni mwalimu, amesimama mbele ya wazee wale, mikono ameificha nyuma. Kutoka mapajani mwa nyanya niliiona ikifinyana vidole, nikadhani ni baridi. Sasa nina wajukuu, nami najua alikuwa msichana mdogo tu, mbali na kwao, na hakuna mtu wake hata mmoja aliyekuwa chumbani mle.