Sifuri ya Huruma

Siku yangu ya kwanza kazini nilivalishwa gauni la hospitali nikalazwa kitandani, nami ni buheri wa afya. Ilikuwa Durban, Afrika Kusini, tulikohamia mimi na mume wangu, mwishoni mwa miaka ya tisini, katika chuo kimoja cha udaktari. Kazi yenyewe iliitwa mgonjwa wa kuigiza: unakariri kisa, yaani ugonjwa na maisha ya mtu, kisha wanafunzi wanakuhoji, nawe unalalamika panapotakiwa. Mume wangu alisema hatimaye nimepata mshahara wa kudeka.

Aliyenifunza ni Mratibu wa Mitihani, daktari Mkongomani. Juu yake alikuwapo Profesa, Mkuu wa Idara, bwana mrefu aliyeishi Morningside, mtaa wa wenye nazo, na asiyecheka ovyo. Mwaka ule Profesa aliamua huruma nayo ipimwe. Si ile ya kumsikitikia mtu, bali ile ya daktari kuuelewa uchungu wako kwa upande wako, nawe ukaona ameuelewa. Ikaletwa fomu kutoka ng'ambo: amemtazama mgonjwa machoni? Amengoja kukaribishwa ndipo akaketi? Mtahini alijaza yake, mimi yangu, ila yangu iliishia kabatini. Aliyefeli huruma alirudia mwaka.

Siku ya mtihani nilikuwa bibi mwenye kisukari anayeambiwa mguu utakatwa. Akaingia Nomusa, binti wa Kizulu. Alisalimu, akaketi papo hapo kwenye kigoda, akainamisha macho. Akaniuliza, kwa Kizulu, lugha niliyoiokota sokoni Isipingo, pembezoni mwa jiji, "Mama, nani atakupikia kidonda kikiwa kinapona?" Wanafunzi wote waliotangulia walinieleza habari za msumeno. Nilisahau kwamba naigiza.

Mtahini akampa sifuri. Mratibu akaniita.

"Mama Zuhura, iko problème. Huyu mtoto hakukuangalia mu macho, akaikala bila kuambiwa. Na we unamupa pointi yote?"

"Daktari, kwao mtoto hamkodolei mkubwa macho, wala hamsimamii kichwani. Ile ndiyo heshima yenyewe."

"Fomu haijue ile."

"Basi fomu ndiyo irudie mwaka! Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Aliyeumwa pale ni mimi."

"Uliumwa ya kuigiza, mama," akasema, lakini akacheka, akanipeleka kwa Profesa.

Nilikuwa kibarua tu, na neno moja la Profesa lingenirudisha nyumbani. Hata hivyo nikamwomba jambo moja: wanafunzi watano warudie mtihani, Nomusa akiwamo, na waamuzi wawe mabibi watatu wanaosubiri dawa kliniki. Akasema, "Wakimkataa, Mama, sitaki kusikia tena habari hii."

Mabibi wakaketi mmoja baada ya mwingine kama wagonjwa, Profesa akiwa pembeni na kalamu yake. Kijana mmoja, aliyeongoza kwa fomu ile, akamkazia bibi wa kwanza macho bila kupepesa. Bibi akageuka akauliza kwa sauti, "Eish, huyu mtoto anataka tupigane?" Alipoingia Nomusa, yule yule bibi alimweleza habari za kidonda ambacho hata kliniki hakuwa amekionyesha. Wote watatu walimpa alama ya juu kabisa. Profesa aliomba fomu, akavikata vipengele vile viwili kwa mkono wake, na chini yake akaandika swali moja la kuulizwa mgonjwa: "Umeona amekuelewa?" Kuanzia siku ile jibu la mgonjwa likahesabiwa, na Nomusa akavuka mwaka.

Nilistaafu nikiwa mkufunzi wa wagonjwa wa kuigiza, na wanafunzi wangu siwezi kuwahesabu. Ninyi vijana mnaniuliza kama huruma inapimika. Inapimika, mradi aulizwe anayeumwa. Nimelia mbele ya madaktari wengi kwa sababu kisa kilitaka nilie. Lakini siku matokeo ya Nomusa yalipobandikwa ubaoni nililia kweli, kwa furaha, watu wote wakinitazama, na Mratibu akapiga makofi akidhani nafanya mazoezi.