Khitma Mbili za Gharib

Gharib bin Badawi alipofariki, mwezi wa Machi mwaka wa 1967, dadake Bimdogo hakuweza kulia. Wanawake wa mtaa wa Kibokoni waliojaa nyumbani walimtazama kwa jicho la pembeni, na yeye mwenyewe aliona haya. Lakini angefanyaje? Kaka yake huyo alikwisha kumlilia mwaka wa 1944 mpaka sauti ikamkauka, na machozi ya safari ile hakuna aliyemrudishia.

Gharib aliingia jeshini kwa ajili ya muziki. Alasiri moja alitoka kwenda kutazama mpira Tononoka, akakuta bendi ya askari inapiga. Nyuma ya bendi pana meza, na juu ya meza kitabu. Akatia kidole gumba. Mama yao, Swabaha, alimwekea chakula akakifunika kawa. Habari ilipomfikia, chakula kilikuwa kimeshachacha.

Miaka miwili baadaye kikosi chake kilikuwa kambini hapa hapa Mombasa kikingoja meli. Siku ya kupanda, Gharib akaamka na tetekuwanga. Sajini alitaka idadi itimie, basi akamwita Kingi wa Baya, askari wa Rabai aliyekuwa rafiki yake Gharib, akamwambia asafiri kwa jina la mgonjwa; karatasi zingetengenezwa wakifika. Meli ikazamishwa njiani.

Barua ya rambirambi ikaletwa Kibokoni. Marehemu wakati huo alikuwa akijikuna kwenye hema la wagonjwa lisilokaribiwa na mtu, mwendo wa saa moja kutoka matangani kwake. Khitma ikasomwa. Kanzu yake ya Idi ikatolewa sadaka kwa jirani, Jamaldin. Mchumba wake, Mwanaesha, alingoja kwa heshima mwaka mzima, kisha akaolewa na Jamaldin huyo huyo. Gharib alipopoa alipandishwa meli nyingine kwenda Burma, na barua alizoandikisha huko hazikufika hata moja. Bimdogo aliamini kuwa karani fulani aliona si adabu kupeleka barua za maiti.

Akarudi mwaka wa 1946, adhuhuri, mama yao akichagua mchele.

"Nani wewe?"

"Ni miye, mama. Gharib."

"Gharib amekufa. Tumeshamsomea."

"Basi nipe maji ninywe kwanza, mama."

Swabaha akampa maji, akamtazama anavyokunywa, ndipo akaanguka.

Jamaldin alikuja kumpa pole na hongera kwa pamoja, akamweleza kwa upole kuwa sadaka haitwaliwi tena. Gharib akakubali. Habari za Mwanaesha hawakuzitaja.

Akapata kazi kwa Sherali, fundi wa nguo wa Bondeni, maana jeshini alikuwa amejifunza kushona mahema. Kila Idi aliwashonea watoto wa Mwanaesha nguo, naye Mwanaesha akizipokea mlangoni, macho chini. Gharib hakuoa. Bimdogo alipofiwa na mumewe, ndugu hao wawili wakakaa nyumba moja. Burma aliizungumzia kidogo sana: mvua, ruba, na nyumbu mmoja wa mizigo, mkaidi. Wazee wa barazani waliotaka habari za bunduki walichoka wakamwacha. Uhuru ulipokuja wakaanza upya.

"Hebu tuambie, Gharib, ulikuwa ukimpigania nani kule?"

"Na mimi nilitaka kuuliza," akajibu, "lakini kelele zilizidi."

Kila Novemba alivaa nishani yake akaenda kwenye sanamu ya askari, pale yanaposomwa majina ya waliokufa vitani. Bimdogo alifuatana naye. Jina la Gharib bin Badawi lilisomwa kwa sauti nzito, mwenyewe amekaa mstari wa pili, kofia mkononi. Sherehe ikiisha alimwendea karani na barua mkononi.

"Mzee, hapa umekufa," karani alimwambia mwaka mmoja, kidole kwenye daftari.

"Najua, mwanangu. Soma barua mpaka mwisho."

Mwaka wa 1965 Bimdogo akashindwa kuvumilia. "Kaka, waache watu hawa. Una hasara gani ukiwa maiti kwenye karatasi?"

"Sina hasara yoyote," Gharib akasema. "Kufa kwangu sikulalamikii. Lakini Kingi alitafutwa kambini akakosekana, wakamwandika mtoro. Nilikwenda Rabai nikamweleza babake. Mzee Baya aliniuliza jambo moja tu: karatasi iko wapi?"

Miaka yote ile Bimdogo alidhani kaka yake anataka kuandikwa hai.

Novemba baada ya mazishi alikwenda peke yake. Karani alimwona akamkimbilia, uso umemng'aa.

"Mama, mpe mzee habari njema! Barua zake zimekubaliwa. Tumelifuta jina lake. Sasa yu hai."

"Amekufa."

"Lini?"

"Machi."

Karani akakuna kichwa. "Basi mama, kumrudisha itabidi ulete cheti."

"Na Kingi?"

"Kingi nani?"

Bimdogo akaenda kukaa mahali pa kaka yake. Majina yakasomwa, la Gharib likarukwa. Msomaji alipofika mwisho na kuanza kukunja karatasi, Bimdogo akasimama na buibui lake.

"Na Kingi wa Baya, wa Rabai!"

Askari polisi akamwendea. Msomaji, mtu mwangalifu, aliifunua tena karatasi yake, akaipitia juu mpaka chini, akadhani ameruka mstari. Akasogelea kipaza sauti.

"Kingi wa Baya, wa Rabai," akasoma kwa sauti nzito, kisha wote wakasimama kimya.

Juma lililofuata Bimdogo alipanda basi la Rabai. Mzee Baya alikuwa hai, macho yameingia ukungu. Akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama alivyouliza zamani: karatasi iko wapi?

"Sina, baba. Lakini jina lake limesomwa. Watu wamesikia, na wakubwa wamesimama."

Mzee akamtaka aanze tena polepole, amwambie nani na nani walikuwapo, wamekaa wapi, na huyo aliyelisoma alikuwa amevaa nini. Bimdogo akamweleza yote, na aliyoyasahau akayatunga, mpaka basi la kurudi likaja.