Siku Koko Alipoomba Moto

Harufu ya Koko ilitufikia kabla ya Koko mwenyewe: moshi wa kuni, mafuta ya mashine, na mawese yaliyomwagika sitahani miaka nenda miaka rudi. Sisi watoto wa Baraka tukiinusa tu, tuliacha kila kitu tukakimbilia ufukweni mwa ziwa. Koko, yaani babu au bibi, ndilo jina tuliloipa meli ile ya mizigo, maana jina lake halisi lilikwisha kuliwa na kutu. Wazee walisema iliundwa wakati wa vita vya Wazungu, kwa pupa, ibebe askari na risasi, na hakuna aliyetarajia idumu. Wee! Vita viliisha, waliovipigana wakazeeka wakafa, na Koko akawa angali anatuletea chumvi, sabuni na saruji, akiondoka na mihogo na mapipa ya mawese. Nilikuwa msichana mdogo, na kila nilipomwona ametia nanga, mitumbwi imemzunguka, niliamini hakuna kitu duniani kinachoweza kumshinda.

Kiangazi kimoja Mama alishikwa na uchungu, na mtoto akakataa kutoka. Mkunga wa zahanati alimpapasa tumbo, akatikisa kichwa, akasema apelekwe hospitali ya Kalemie akapasuliwe, la sivyo tutazika wawili. Bahati nzuri Koko alikuwa ametia nanga asubuhi ile ile. Mama mdogo, yaani mdogo wake Mama, alinishika mkono, tukampeleka mgonjwa kwa mtumbwi, naye akapandishwa melini ndani ya kitenge kilichoshikwa ncha nne. Kapteni, mtu mrefu mwenye maringo yake, alikuwa akingojea kuni zaidi kutoka milimani, kwa kuwa meli ile haikula kitu kingine. Alimtazama Mama mara moja tu. Akaamuru nanga ing'olewe, kuni nyingine zitapatikana mbele.

Mama mdogo alinituma kuomba maji ya moto, na ndipo nilipochungulia chini kwenye mashine kwa mara ya kwanza maishani. Jamani! Vyuma vinene kama mapaja ya ng'ombe wa Minembwe vilikuwa vikipanda na kushuka, vinang'aa mafuta, na sakafu yote inatetemeka. Jirani yetu Papa Asumani, mtia kuni, alifungua mlango wa tanuri, akatupa magogo ndani, nayo yakatoweka kama vijiti vikavu katika jiko la Mama. Nilisahau maji. Nilisahau hata Mama, Mungu anisamehe, nikasimama pale mdomo wazi.

"We mutoto, ongeza kuomba Mungu," Papa Asumani akaniambia akijifuta jasho. "Koko iko na njaa, na kuni iko kidogo."

Kutoka Baraka sharti uizunguke ncha ya Ubwari ndipo ugeuke kwenda kusini. Tulipoizunguka tu, upepo wa kusini ukatupiga usoni. Koko alisukuma, akasukuma, tanuri likala kuni zote, na ufuko wa Ubwari haukusogea. Mabaharia wakavunja masanduku, kisha mabenchi ya abiria. Moshi ukawa mwembamba. Mapigo ya mashine yakaanza kuchelewa, na mawimbi yakaanza kutusogeza kwenye miamba. Mama hakulia tena, alikuwa akiuma upindo wa kitenge. Hapo niliogopa hasa. Papa Asumani akapanda juu, mweusi kwa masizi, akamwambia kapteni apige honi kuwaita watu wa Ubwari.

"Honi itamaliza mvuke uliobaki," kapteni alisema. "Halafu niwaambie nini? Meli nzima iombe kuni kwa wavuvi?"

"Mficha uchi hazai, kapiteni," Papa Asumani akamjibu. "Na huyu mama anapashwa kuzala."

Kapteni akaivuta kamba ya honi mwenyewe. Sijasikia tena sauti kama ile. Ilianza kama radi, ikapungua, ikaishia kama kikohozi cha mgonjwa. Kisha kimya, upepo tu. Kwetu, moto ukizima asubuhi, unamtuma mtoto na kigae kwa jirani, na hakuna jirani anayekunyima kaa la moto, hata kama jana mlitukanana. Watu wa Ubwari walipotazama majini wakaona meli isiyo na moshi, walielewa. Mitumbwi ikatoka kwa wingi, imesheheni kuni za kupikia, vichanja vya samaki, hata kitanda.

"Ee Koko!" mwanamke mmoja akapiga kelele akicheka. "Ukubwa yote hii, unakuya kuomba moto kwa sisi?"

Nyuma yake alikuja bibi kizee, mlango wa nyumba yake umelazwa mtumbwini. Kapteni akamwambia hapana, bibi, huo rudi nao. Bibi akamwonyesha Mama kwa kidevu. "Mulango nitapata ingine," akasema. "Mutoto hawezi kungojea."

Niliuona mlango ule ukiingia tanurini. Mashine ikashtuka, ikavuta pumzi, ikaanza kupiga. Tulifika Kalemie Mama angali hai, akapasuliwa, na akazaliwa mdogo wangu Neema.

Siku hizi boti za mafuta hupita mbio, na zikikwama, mwenyewe hupiga simu. Ni vizuri, sitaki kumdanganya mtu. Koko amelala kando ya bandari ya Baraka, ametolewa mashine, na watoto wangu huniuliza kwa nini navua kilemba nikipita pale. Neema, aliyekua akisikia habari hii, mwaka jana alichongesha mlango wa mbao ngumu, tukaupakia botini mpaka Ubwari. Bibi alikwisha kufa zamani. Mjukuu wake alitupokea, akatuonyesha nyumba: mlangoni palining'inia mkeka.

"Hakuweka mulango tena," akasema. "Tukimuuliza, anasema mulango yake iko, ilienda Kalemie, siku moja itarudi kumusalimia."

Neema aliketi pale kizingitini akalia kwa sauti. Kisha akainuka, akausogeza mkeka, akapiga hodi.