Vumbi la Ukweni

Jamani, acheni niwasimulie mwenyewe, maana wengine mmesikia nusunusu mkaongeza chumvi, ila aibu niliyoipata Bukiriro siku ya posa yangu haihitaji chumvi ya mtu.

Kazi yangu mnaijua, nasomea vumbi. (Ndiyo, vumbi; mama huwaambia watu nasomea udaktari, anaona ni nafuu.) Huko ninakosoma, nchi ya baridi, tuna barafu iliyochimbwa chini kabisa kwenye ncha ya dunia, vipande virefu vya mviringo kama migomba iliyokatwa, na ndani yake mna vumbi lililopeperushwa kutoka majangwani likatua juu ya theluji, theluji nyingine ikalifunika, likalala humo maelfu ya miaka. Mimi naiyeyusha ile barafu kidogo kidogo na kulichunguza vumbi nijue lilitoka wapi. Ni kazi ya mtu wa ndoto za mchana, na hizo mimi sijawahi kupungukiwa, tangu shule ya msingi Kibimba mwalimu alikuwa ananiambia, "Deo, huko uliko, rudi."

Basi kiangazi nikarudi nyumbani kumposa Editha. Tukaenda kwao watu watatu, mimi, baba mdogo na mshenga wetu Mzee Kalori. Nilikuwa nimeonywa kwamba baba yake Editha ni mpole, lakini neno la mwisho ni la bibi yake, Bibi Anastazia, akikataa yeye hakuna ndoa. Tukakaribishwa sebuleni, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikaletwa, Mzee Kalori akaanza kuyazungusha maneno, eti tulikuwa tunapita tu tukaona hapa kuna jiko zuri. Mimi nilitakiwa kukaa kimya na kuonekana mwana mwema, basi.

Ningeweza, kama si lile dirisha. Jua lilikuwa linaingiza mwali mmoja, na ndani ya mwali vumbi jekundu likawa linaelea, linapanda, linashuka taratibu, na mimi nikaondoka. Mwili ulibaki kwenye kiti, roho ikaenda na lile vumbi, ikapita juu ya migomba, ikavuka vilima vya Burundi, ikavuka bahari, mpaka kule kweupe kusiko na sauti wala nyayo, tukatua pamoja polepole, theluji ikaanza kutufunika. Nilisikia raha ambayo siwezi kuieleza. Nikawaza, kwa nini nisichukue vumbi kidogo la hapa? (Kisayansi halikuwa na kazi yoyote, vumbi letu sidhani hata kama linafika huko, nilitaka tu vumbi la mlango aliokulia Editha liwe mezani kwangu kwenye ile baridi.) Nikaomba ruhusa nitoke nje kidogo.

Uani palikuwa kimya, vumbi laini kama unga wa muhogo. Nikachuchumaa karibu na mlango wa jikoni, nikachota, nikalifunga kwenye leso kwa fundo, natabasamu peke yangu.

"Wewe kijana! Unyayo wangu unaupeleka wapi?"

Bibi Anastazia alikuwa ametoka kupita pale sasa hivi, peku, na mimi nilichota katikati ya alama za vidole vyake vitano. Sasa nyie mnajua, kwetu udongo wa unyayo wa mtu hauchotwi, anayeuchota ni yule anayempelekea mganga ili mwenye unyayo adhurike. Na mimi nimeufunga fundo!

Akapiga yowe. Sebule nzima ikatoka, Mzee Kalori na glasi yake mkononi, majirani wakaja na majembe.

"Bibi, shikamoo," nikasema (nilikuwa nimeshamwamkia, ila ulimi ulikimbilia huko).

"Marahaba utaipata baadaye. Sema!"

"Mimi nachunguza vumbi lililoganda ndani ya barafu, huko mwisho wa dunia."

"Kwa hiyo unataka ukanigandishe?"

Watu wakaguna. Baba mdogo akaninong'oneza, "Nyamaza, mwanangu, unazidi kuharibu." Nikamwona Editha mlangoni kaziba mdomo, machozi yanamlengalenga, nikajua kwamba nampoteza hivi hivi, kwa leso moja.

Bibi akaninyooshea kidole. "Kama ni vumbi tu, lilambe."

Nikafungua fundo, nikalilamba lote, mbele ya wakwe na majirani. Lilikuwa na ladha ya majivu na (samahani) ya kuku. Bibi akasogea, akaniambia nitoe ulimi, akaukagua, mwekundu hadi kooni. Kisha akawageukia watu.

"Mchawi hali dawa yake. Huyu ni mjinga tu," akasema. "Mchawi nisingempa mjukuu wangu. Mjinga nitampa, ila si leo."

Kicheko kilichofuata nafikiri kilisikika hadi ng'ambo ya mpaka. Editha nilipewa safari ya pili, pamoja na mbuzi wa kuomba radhi. Baadaye nilimuuliza kwa nini siku ile alilia.

"Si ungeomba tu, Deo," akanijibu. "Bibi angekufagilia debe zima."

Hilo ndilo linaloniuma kuliko kulamba. Sasa nikienda ukweni natazama kwa macho, mikono naikalia.